Bekari ya Wakorea: kwa nini mkate ni mtamu, ni laini, na kunde zinatafuta nini ndani yake

Shangazi yangu alifika Virginia kutoka Tanga mwezi wa Mei, na siku ya tatu nikampeleka kwenye bekari ya Wakorea iliyo jirani na tunapoishi, hapa Annandale. Akachagua andazi la duara lililong'aa kwa ute wa yai, limenyunyiziwa ufuta mweusi kichwani, akidhani ndani kuna chokoleti. Akauma. Akatafuna polepole, akanyamaza, kisha akanigeuzia lile andazi nione katikati: rojo zito la rangi ya zambarau, karibu na nyeusi.

"Mwanangu, si kunde hizi? Nani katia kunde sukari?"

Swali hilo, na mengine ya jamaa yake, huulizwa karibu kila wiki kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku. Ni mkate wa Kifaransa au wa Kichina? Mbona haukauki, wametia dawa gani? Mbona mweupe hivi, umeiva kweli? Kitunguu saumu na asali vinakutana wapi? Na kubwa kuliko yote kwa wengi wetu: kuna nguruwe humo? Majibu huja kwa kasi na mengi ni ya kukisia. Nimeona niandike ninachokijua, maana bekari hizi nazipenda kwa dhati, na huniuma kuona mtu akitupa andazi zuri kwa sababu tu hakuambiwa ni kitu gani.

Tuanze na jina, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imejificha humo. Kwa Kikorea mkate huitwa ppang. Ile p inatamkwa kwa kukaza midomo bila kutoa pumzi. Lakini ukishatafsiri ppang kuwa "mkate" umeshapotea. Kwetu mkate ni slesi, ni boflo, ni kile kitu unachopaka siagi. Ppang ni familia nzima: andazi lenye maharage, kinyunya kilichosokotwa na kukaangwa kikavingirishwa kwenye sukari, mkate wa sosiji, mkate wa mvuke, na hata baadhi ya vitu ambavyo sisi tungeviita keki bila kusita. Neno letu linalolingana nalo vizuri ni vitafunwa. Mtu akiuliza asubuhi, "Chai ipo, je kitafunwa?", hajataja mkate wala chapati wala kitumbua, ametaja chochote cha kushindikiza chai. Ndivyo ppang ilivyo.

Mlo wa Mkorea ni wali. Neno bap, yaani wali uliopikwa, ndilo hilo hilo linalotumika kwa maana ya chakula, na watu wa makamo husalimiana kwa kuulizana kama wameshakula bap. Wako sawa na wale wazee wetu ambao wasipokula ugali wanasema hawajala. Kwa hiyo ppang haikuzaliwa kubeba mchuzi wala kushibisha mkulima. Imezaliwa kuwa kitu cha saa kumi jioni, cha mtoto anayetoka shule, cha mgeni anayepita kusalimia. Ule mkate mrefu wa slesi upo nao, ila umelazimika kupewa jina la kuutofautisha: sikppang, yaani ppang ya chakula. Ukiipima bekari ya Wakorea kwa mizani ya boflo utaiona imekosea kila kitu. Ipime kwa mizani ya mahamri, na mambo mengi yatajinyoosha yenyewe.

Namna ya kununua

Wengi huingia wakaenda moja kwa moja kaunta kuagiza, wakaishia kusimama na aibu. Hapa unajihudumia. Mlangoni kuna trei na koleo. Chukua trei, tandika karatasi yake, zunguka kwenye meza na makabati, na chochote utakachokigusa kwa koleo ukiweke kwenye trei yako, usikirudishe. Kaunta watakifunga kila kimoja kwenye mfuko wake mdogo, na kama umechukua sikppang nzima watakuuliza wakukatie slesi au wauache. Ukitaka kuula siku hiyo hiyo, usikatwe. Chana kwa mkono ukiwa bado una joto. Utaona ninachotaka kueleza hapo chini.

Uliza pia saa za kutoa mkate. Bekari nyingi za Wakorea huoka kwa awamu, na nyingine hubandika ukutani saa ambayo kila aina hutoka kwenye oveni. Tofauti ya andazi la saa tano asubuhi na lile lile saa mbili usiku si ndogo.

Ni wa Kifaransa au si wa Kifaransa?

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu majina mlangoni ni ya Kifaransa kabisa. Paris Baguette ni kampuni ya Kikorea. Duka la kwanza la jina hilo lilifunguliwa Korea Kusini mwaka 1988, na mizizi ya kampuni mama inarudi nyuma hadi duka dogo lililoitwa Sangmidang, la mwaka 1945. Tous les Jours nayo ni ya Kikorea, ya mwaka 1997. Paris Baguette ilifungua duka jijini Paris kwenyewe mwaka 2014, miaka 26 baada ya kulitumia jina la mji huo. Majina ya Kifaransa yalichaguliwa kwa sababu masikioni mwa wateja wa Seoul yalisikika ya kifahari. Na kwa kuwa tunasahihisha majina, 85°C, ambayo watu huichanganya na hizi, asili yake ni Taiwan.

Basi asili ya ppang yenyewe ni wapi? Neno limetoka kwa Wareno. Wareno walifika Japani mwaka 1543, kwenye kisiwa cha Tanegashima, na pamoja na bunduki walileta pão, mkate wao. Wajapani wakaliita pan, na kutoka Japani likahamia Korea likawa ppang. Mswahili ana sababu ya kutabasamu hapa. Meli za taifa hilo hilo zilitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika karne mbili zilizofuata zikatuachia meza, leso, bendera, gereza na mvinyo. Pão halikushika kwetu, nadhani kwa sababu mkate tulikuwa nao, na neno lake tulikuwa nalo.

Hatua ya pili ilitokea Tokyo. Mwaka 1874 mwokaji aitwaye Kimura Yasubei, wa duka la Kimuraya, alikuwa na tatizo: wateja hawakuupenda mkate mgumu wa Kizungu. Akaumua unga kwa chachu ya pombe ya mchele, ile iliyokuwa ikitumika kwenye vitafunwa vya asili, na katikati akaweka kile ambacho kila Mjapani alikuwa akikila ndani ya vitafunwa vya mchele tangu utotoni: maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Mwaka uliofuata andazi hilo likapelekwa mezani kwa mfalme Meiji, na baada ya hapo halikuhitaji kutangazwa tena. Ndilo andazi alilouma shangazi. Kwa Kikorea linaitwa danpat-ppang: dan ni tamu, pat ni yale maharage mekundu madogo.

Japani iliitawala Korea kwa mabavu kuanzia 1910 hadi 1945, na bekari zilikuja na utawala huo, nyingi zikiwa mali ya Wajapani. Gunsan, mji wa bandari ambako mchele wa Wakorea ulikuwa ukipakiwa kwenda Japani, una bekari iitwayo Lee Sung Dang, na inahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote nchini. Ilianza mwaka 1945, mahali pale pale palipokuwa na duka la vitafunwa la Mjapani aliyeondoka vita vilipokwisha. Mpaka leo watu hupanga foleni kwa danpat-ppang yake. Kitafunwa kilicholetwa na mtawala kimebaki, kimekuwa cha wenyewe. Sisi wenye chapati na sambusa hatuhitaji kuelezwa sana jinsi hilo linavyotokea.

Hatua ya tatu ni unga, na hii watu wengi hawaijui. Korea si nchi ya ngano. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, nchi ikiwa na njaa, ngano ya msaada ilimiminika kutoka Marekani kwa miaka mingi. Serikali ikawahimiza watu wale unga ili mchele utoshe. Kuanzia 1969 kulikuwa na siku za wiki, Jumatano na Jumamosi, ambazo migahawa haikuruhusiwa kuuza mlo wa mchele. Watoto wakala mikate ya msaada shuleni. Kizazi kizima kikakua na ladha ya ngano midomoni, na kilipopata fedha kikaanza kuitafuta iliyo bora.

Mfano ninaoupenda ni wa mji wa Daejeon. Mwaka 1956 Im Gil-sun, mkimbizi kutoka Hamhung huko kaskazini, alipewa na padri magunia mawili ya unga wa msaada. Badala ya kuula wote na familia, akaanza kupika mikate ya mvuke na kuiuza mbele ya stesheni ya treni. Kibanda hicho ndicho bekari ya Seongsimdang, ambayo leo watu hupanda treni kuifuata kutoka Seoul. Desturi ya kugawa kwa wasio nacho mikate isiyouzwa aliianza yeye, na haijaachwa. Ukifika humo ulizia ile soboro ya kukaangwa, iliyobuniwa mwaka 1980: andazi la maharage, juu lina chengachenga za unga, siagi na karanga, limetumbukizwa kwenye mafuta ya moto.

Mbona laini hivi?

Hapa ndipo penye uvumi mkubwa wa "dawa", nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu siri yenyewe kila mpishi wa Kiswahili anaijua, ila hajawahi kuitia kwenye mkate.

Siri ni uji. Chukua sehemu moja ya unga wa ngano kwa sehemu tano za maji au maziwa, koroga motoni mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Kwenye joto la nyuzi 65 hivi, chembe za wanga zilizomo kwenye unga hufunguka, hunywa maji na kuvimba. Umeliona hili mara elfu. Unga ukiukoroga kwenye maji baridi na kuuacha, unatuama chini na maji yanabaki juu. Upashe moto, yale maji yanamezwa na hayarudi tena. Ndiyo maana ugali uliopoa umesimama na hauvuji. Uji huo ukishapoa unachanganywa na unga mkavu, hamira, maziwa, yai, sukari na siagi, kisha unakandwa. Kinyunya kimebeba maji mengi kuliko kawaida, lakini hakinati mikononi, kwa sababu maji yamefungwa ndani ya uji. Mkate ukiokwa maji hayo yanabaki humo. Wakorea huita njia hii tangjong, jina lililotoka kwa Wachina, na Wajapani nao wana ya kwao ya kumwagia unga maji yanayochemka. Si kila bekari huitumia kwa kila mkate.

Nusu nyingine ya kazi ni mikono, au siku hizi mashine. Kinyunya kinakandwa kwa muda mrefu sana, mpaka ukikivuta kati ya vidole kinakuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kukatika. Kikiviringishwa na kuumuka, ndani kinajipanga kwa nyuzi. Ndiyo maana nilisema usikatwe slesi: sikppang ya leo ukiichana kwa mkono haimong'onyoki kama keki, inachanika kwa mikanda mirefu, na Wakorea wenyewe huifananisha na nyama ya kidari cha kuku.

Kuhusu weupe wake, mkate wenye maziwa na siagi huokwa kwa moto wa kiasi, mara nyingi ndani ya bati lenye mfuniko, hivyo ganda halipati nafasi ya kuwa gumu na jeusi. Umeiva. Mwokaji hupima joto la katikati likifika karibu na nyuzi 90. Unyevu unaousikia ni wa ule uji.

Je, dawa hakuna kabisa? Viwanda vikubwa vya mikate, vya nchi yoyote, huweza kutia viungo vya kusaidia unga na kuchelewesha kuharibika, na maandishi ya pakiti yatakuambia. Ninachokataa ni hoja kwamba ulaini wenyewe ni ushahidi wa dawa. Mkate wa bekari ya jirani ukiuacha mezani siku nne utaota ukungu kama mwingine wowote. Usiuweke kwenye friji. Baridi ya friji ndiyo inayoukakamaza upesi kuliko kuuacha mezani. Kama hutaumaliza ndani ya siku mbili, ukate, uufunge vizuri, uugandishe kwenye friza, kisha upashe moto slesi unazohitaji tu.

Kuna jamii nyingine ya mikate ambayo hailainiki, inavutika kama ubani wa kutafuna: vimipira vyenye ufuta mweusi, maandazi yanayokunja meno kidogo. Siri ya hiyo mara nyingi ni wanga wa muhogo, au unga wa mchele wa kunata. Ndiyo, muhogo, huu huu wetu.

Sukari, kunde na kitunguu saumu

Turudi kwa shangazi. Aliposema "kunde" nilikuwa tayari kumsahihisha, maana kila mtu huandika "maharage mekundu". Nikaenda kuangalia. Maharage yetu, ukiiacha soya, yaani ya njano, mekundu, yale ya kupika na nazi, kwa jina la kisayansi ni ukoo wa Phaseolus. Pat ya Wakorea ni Vigna angularis. Kunde ni Vigna unguiculata, na choroko ni Vigna radiata. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Ulimi wa shangazi ulikuwa umefika kabla ya vitabu.

Wanaosema "maharage si ya sukari" wanasahau meza zetu wenyewe. Pwani nzima mahamri huliwa na mbaazi za nazi; kitu kitamu cha ngano na jamii ya maharage vinakutana kinywani kila asubuhi, tofauti ni kwamba kwetu vinakutana nje ya andazi. Tambi nazo, mwingine anazila na mchuzi wa nyama, na mwezi wa Ramadhani zinapikwa kwa sukari, nazi na iliki bila mtu kushtuka. Ladha ya kunde iliyopondwa na sukari iko karibu na njugu au tende kuliko na mchuzi. Uma mara tatu kabla ya kuhukumu.

Kitunguu saumu ni mtihani mgumu zaidi, nakubali. Mkate uliovuma sana kutoka Gangneung, mji wa pwani ya mashariki, hukatwa juu vipande sita kama kichwa cha kitunguu saumu, ukajazwa jibini laini lenye sukari, ukachovywa kwenye siagi yenye kitunguu saumu, yai na asali, kisha ukaokwa tena. Mtu anayetarajia mkate wa chumvi wa kando ya tambi za Kiitaliano anauma na kushangaa. Hakuna aliyekosea jikoni. Ni kitafunwa, na kitafunwa cha Kikorea hakikugawanywa kwa ukuta mnene kati ya utamu na chumvi. Nimeshaona watu wazima wakigawana mmoja kwa uma sita, na mimi nilikuwemo.

Kuhusu nguruwe na pombe

Swali hili linastahili jibu la wazi, maana kundi zima hulikwepa au hulijibu kwa hasira.

Mikate ya sosiji na ya ham, chukulia ina nguruwe mpaka uthibitishe vinginevyo. Sosiji za Kikorea mara nyingi huchanganya nguruwe na kuku, hivyo kusikia "kuku" hakutoshi. Keki za krimu iliyoganda kama jeli zinaweza kuwa na jelatini, na jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Baadhi ya waokaji hulowanisha keki kwa shira yenye ramu. Andazi la maharage, sikppang ya maziwa, soboro, kwa kawaida ni unga, maziwa, mayai na siagi, lakini mafuta ya kupikia yanaweza kuwa ya mnyama, kwa hiyo uliza hata hapo.

Kama uko Korea yenyewe, sheria ya lebo inakusaidia kwa njia ambayo wageni wengi hawaigundui: nyama ya nguruwe imo kwenye orodha ya vitu ambavyo ni lazima vitajwe kwa ajili ya watu wenye mzio. Kwenye maduka ya kampuni kubwa tafuta herufi hizi: 돼지고기. Hiyo ndiyo nguruwe, dwaejigogi. Marekani hali ni tofauti. Orodha ya lazima ya mzio hapa ina vitu 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa mwaka 2023, na nguruwe haimo. Huku hakuna njia ya mkato, uliza kwa mdomo. Mama mwenye bekari ya kwetu hakuchukia hata kidogo. Aliniletea mfuko wa sosiji kutoka kwenye jokofu nisome mwenyewe.

Na kwa wenye watoto: zile chengachenga tamu juu ya soboro mara nyingi zina siagi ya karanga. Mtoto mwenye mzio wa karanga asiguse.

Ya jirani na ya kampuni

Wakorea wana neno lenye mapenzi, dongne ppangjip, bekari ya mtaani. Maduka ya kampuni kubwa yalipoenea kila kona, nyingi za mtaani zilifungwa. Mwaka 2013 tume inayosimamia mahusiano ya kampuni kubwa na ndogo iliweka masharti: kampuni isifungue tawi ndani ya mita 500 za bekari ya mtaani, na idadi ya matawi mapya isizidi asilimia 2 kwa mwaka. Masharti hayo yamelegezwa baadaye, lakini yaliipa bekari ndogo muda wa kupumua. Nikiweza kuchagua, nachagua ya mtaani. Ya kampuni haikuangushi, utakachokipata Seoul utakipata Los Angeles. Ya mtaani ina mtu anayekumbuka kwamba wewe ndiye uliyeuliza kuhusu sosiji.

Keki, nayo, nitasema machache. Ile nyeupe yenye matunda ni keki ya sponji na krimu halisi ya maziwa, sukari kidogo; sifa kubwa ambayo Mkorea anaweza kuipa keki ni kwamba haikuzidi utamu. Aliyezoea krimu ya siagi na sukari ya keki za dukani ataona kama wamesahau kitu. Iende kwenye friji mara ufikapo nyumbani, na iliwe kesho kutwa isifike.

Shangazi alitimiza miaka 67 akiwa kwetu, na keki aliichagua mwenyewe: ya viazi vitamu, rojo la viazi na krimu katikati ya sponji, juu na ubavuni imefunikwa makombo ya manjano. Kaunta mama yule akamwuliza umri wake. Shangazi akanitazama, kwetu mtu mzima haulizwi hivyo dukani. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mishumaa. Huwapa wateja bure, mrefu ni miaka kumi na mfupi ni mmoja. Akahesabiwa sita mirefu na saba mifupi, vikafungwa kwa utepe pamoja na kisu cha plastiki. Zamani hesabu hiyo ingekuwa na utata zaidi, kwa sababu Wakorea walikuwa wakimhesabia mtoto mwaka mmoja siku anayozaliwa na kuongeza mwingine kila Januari mosi. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba aliamka kesho yake ana miaka miwili. Sheria iliyoanza kutumika Juni 2023 imewaweka kwenye hesabu kama yetu katika mambo ya serikali.

Kabla ya kuondoka Agosti alitaka kubeba maandazi kumi na mawili ya kunde. Nikamwambia safari ni ndefu, yatafika yamechacha. Akaenda tena bekari, safari hii bila mimi, akamwuliza yule mama kwa ishara na Kiingereza cha kuungaunga jinsi rojo linavyopikwa. Chemsha, mwaga maji ya kwanza yaondoke na ukakasi, chemsha tena mpaka zipondeke kwa vidole, ndipo utie sukari na chembe ya chumvi, ukoroge motoni mpaka rojo lisimame lenyewe kwenye mwiko.

Wiki mbili baadaye ikaja picha kutoka Tanga: mahamri manne kwenye sinia, moja limekatwa katikati, kunde zinachungulia. Rojo lilikuwa jepesi na limevuja kwenye mafuta, alisema kwenye ujumbe wa sauti. Mara ijayo atalikausha zaidi, na atatia iliki.